Sperancia na Matangazo ya Kibanja cha Mama

Sperancia Rwegoshora alianza kuandika kwa kuwaandikia wenzake. Steshenari yake iko pale Nyaishozi, kando ya barabara, ina mlango wa bluu na mashine ya kutolea kopi inayokoroma kama mtu mwenye kifua. Mtu akitaka barua ya kuomba kazi, kwa Sperancia. Akitaka kadi za mwaliko wa harusi, kwa Sperancia. Hata majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba walimfuata yeye, kila mmoja kwa wakati wake, ili maneno yao yasimame vizuri mbele ya baraza la kata. Aliwasikiliza, akawauliza, "Unataka kusema hivi?" kisha akawasomea alichoandika. Mara nyingi mtu alitoka pale akilielewa shauri lake vizuri zaidi kuliko alipoingia.

Shule aliishia kidato cha nne. Baba yake alifariki mwaka ule ule wa mtihani, na yeye ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo alirudi nyumbani kumshika mkono mama yake, Costansia. Hakuwahi kulisema hilo kwa kulalamika. Mama Costansia aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Walutheri, na kibanja chake, yaani ile migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, kilikuwa kinasifiwa hadi Kihanga. Watu walikuja kumwuliza: mbona mikungu yako ni mikubwa, mbona kahawa yako haiangushi maua? Naye aliwajibu huku mikono yake ikiendelea na kazi, akipogoa hapa, akitandaza nyasi kavu pale, na asiyekuwa mwepesi wa kufuata aliachwa nyuma.

Siku moja wateja walikuwa wachache, mvua inanyesha. Sperancia alifungua laptopu yake akaandika yale mama aliyomweleza jirani asubuhi ile: namna ya kutandaza majani shambani bila kukaribisha fukusi, mdudu anayetoboa shina. Aliyaandika kama mama alivyoyasema, akaondoa tu yale ya kumsema jirani. Akafungua blogu, akaipa jina Kibanja cha Mama, akayaweka humo. Baada ya siku chache mtu wa Rungwe, ambaye hawakuwahi kuonana, aliandika chini yake: "Dada, asante. Hii ndiyo mara ya kwanza kuelezwa na mtu anayejua."

Jioni alimwonyesha mama simu.

"Ni kitu gani hiki?" Mama Costansia aliuliza.

"Ni kama gazeti, mama, ila halichapwi. Watu wanalisoma kwenye simu."

"Na mwandishi ni nani?"

"Ni mimi. Lakini maneno ni yako."

Mama akairudisha ile simu. "Basi waambie pia wasilundike majani kwenye shina lenyewe. Hilo umelisahau."

Hivyo ndivyo walivyoanza kufanya kazi pamoja. Mama alisema, binti aliandika, mama akasomewa, akarekebisha. Blogu ikapata wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, kisha wa Mbeya na Kilimanjaro, na watu wa mijini waliorithi mashamba wasijue pa kuanzia. Ilipofika hapo, Sperancia akaiunganisha na kampuni moja ya matangazo ya mtandaoni. Alielezwa kwamba hakuna mtu anayekaa mahali kuchagua tangazo gani liende wapi. Kuna mtambo unaosoma maneno ya ukurasa, unabahatisha ukurasa huo unahusu nini, kisha unabandika tangazo linaloelekea kufanana nao. Akaona ni jambo la maana. Msomaji wa migomba aonyeshwe majembe, msomaji wa kahawa aonyeshwe mikasi ya kupogolea. Nani angekataa?

Aibu ilikuja Jumapili moja baada ya ibada. Mama Costansia aliwakusanya wanakwaya wenzake kwenye uwanja wa kanisa, akamwomba binti yake simu, akawaonyesha makala mpya. Ilikuwa ni ile ya kupunguza machipukizi kwenye shina la mgomba, kwamba uache mashina matatu tu, mama, mtoto na mjukuu, mengine yote uyang'oe. Kichwa cha makala kilisema: "Mama, Mtoto na Mjukuu: Jinsi ya Kupunguza." Wanakwaya waliinama juu ya simu. Katikati ya makala palikuwa na tangazo la nepi, mtoto mnene ameketi anacheka. Chini kidogo, tangazo la dawa ya kupunguza tumbo.

"Costansia," alisema mwenzake mmoja aitwaye Mackrine, mwenye ulimi wa utani, "kumbe siri ya migomba yako ni hii? Mtoto unamvalisha nepi, mama unampunguza tumbo!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Costansia naye alicheka. Ila njiani alitangulia mbele kwa hatua za haraka, na Sperancia, anayemjua, alingoja.

"Sikuona aibu kwa ajili ya nepi," mama alisema walipofika nyumbani. "Nepi ni kitu cha heshima, na wewe nimekulea kwa nepi za vitambaa. Nimeona aibu kwa sababu waliacha kusoma. Wamecheka, wameondoka, na hakuna hata mmoja anayejua kupunguza machipukizi."

Maneno hayo yalimwingia. Kesho yake, kati ya mteja na mteja, alianza kuipitia blogu yake kama mgeni. Akakuta maajabu. Kwenye makala ya kukata matawi ya mibuni palijaa matangazo ya benki, kila moja likijisifia matawi yake mapya. Makala ya maharage yanayoshinda ukame ilizungukwa na michezo ya kubahatisha, kwa kuwa mtambo uliona neno "shinda" ukadhani watu wanataka ushindi. Na ile ya kutunza mbegu wakati wa baridi ilikuwa na makoti mazito ya manyoya, ambayo mtu akiyavaa Nyaishozi ataitiwa watoto wamshangae.

Mwanzoni aliukasirikia mtambo. Halafu akaona anauonea. Ulikuwa kama mgeni aliyepita nje ya dirisha akasikia nusu ya mazungumzo. Akisikia mama, mtoto na mjukuu, afikirie nini kama si familia? Kumbe shida ilikuwa kwenye uandishi wake mwenyewe. Aliandika kama anaongea na mtu aliyesimama naye shambani, mgomba uko mbele yao, hakuna haja ya kuutaja. Mtambo haukuwa shambani. Na sasa alipofikiri vizuri, hata yule msomaji wa mjini hakuwa shambani.

Akafunga kibwebwe. Makala moja ndefu iliyozungumzia migomba, kahawa na maharage kwa pamoja aliikata ikawa tatu, kila moja na jambo lake. Vichwa vya habari akavibadilisha, ile ya nepi ikawa "Jinsi ya Kupunguza Machipukizi ya Mgomba ili Upate Mikungu Mikubwa." Aya ya kwanza ikataja zao lenyewe, tatizo lenyewe na kazi yenyewe. Kila picha akaiandikia chini yake inaonyesha nini. Pembeni mwa ukurasa alikuwa amejaza salamu za sikukuu, mistari ya Biblia, na tangazo la harusi ya binamu yake iliyokwisha kupita. Yote akayahamishia ukurasa wake peke yake. Akajifunza pia kuweka alama ndogo ndogo za kuuonyesha mtambo kwamba makala inaanzia hapa na kuishia hapa, usihangaike na mengine.

Mahali alipokwama, mama alimkwamua. Sperancia alikuwa ameandika kichwa kinachosema "Mnyauko Bakteria: Dalili na Udhibiti," akajiona amepiga hatua.

"Nani anaongea hivyo?" Mama Costansia aliuliza.

"Ndivyo wanavyoandika mabwana shamba, mama."

"Mabwana shamba wanaandikiana wenyewe. Mtu ambaye mgomba wake unakufa haulizi udhibiti. Anauliza, mgomba wangu umegeuka njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, nifanye nini?"

Sperancia akafuta, akaandika vile vile kama mama alivyosema, na ndani ya aya ya kwanza akaweka jina la kitaalamu. Akaongeza na lile jina ambalo watu wa nyumbani hulitumia kwa Kinyambo, kwa kuwa wapo wanaolijua hilo tu.

Matangazo hayakugeuka kwa siku moja. Yalianza kugeuka taratibu, kama rangi ya kahawa inapoiva mtini. Nepi zikapungua, zikaja pampu za kunyunyizia. Benki zikaondoka, zikaja mikasi ya kupogolea na maturubai ya kuanikia. Chini ya makala ya maharage ikatokea mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyoingiza hewa. Mackrine alipoombwa kusoma tena, safari hii alisoma mpaka mwisho, akauliza ile mifuko inapatikana wapi. Mama Costansia alitembea siku hiyo kifua mbele. Na Sperancia, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo. Aliufungua ule ukurasa mara kwa mara bila sababu, kuutazama tu, kama mtu anayepita kuutazama ukuta alioujenga kwa mikono yake.

Akiwa katika furaha hiyo, mlangoni akasimama mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi la safari, mkononi ameshika chupa tupu ya plastiki.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Namtafuta mwenye Kibanja cha Mama."

"Ndiye mimi."

Yule bwana alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nilidhani ni mtu mzima."

Aliitwa Habumugisha. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa huku, na alikuwa na shamba la migomba Kibingo, upande wa Kyerwa. Alikataa kiti. Aliiweka ile chupa juu ya meza, kando ya kibodi.

"Mgomba wangu uligeuka njano," alisema. "Binti yangu akaandika swali kwenye simu, ukaja ukurasa wako. Tukausoma. Nikasema, huyu anajua, maana kila unachokieleza nilikuwa nakiona kwa macho. Na hapo hapo kwenye ukurasa wako pakawa na dawa. Inaponya mnyauko, imeandikwa hivyo. Nikaiagiza. Nimeimwaga kwenye mashina yote, yaliyougua na yasiyougua, na nikaacha kung'oa nikingoja yapone. Sasa njoo uone."

Sperancia aliichukua chupa, akasoma karatasi iliyobandikwa. Katika makala yake mwenyewe, chini kabisa, alikuwa ameandika kwamba mnyauko hauna dawa. Kinachofaa ni kung'oa shina lililougua, kuondoa ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, kupitisha panga motoni kila unapotoka shina moja kwenda jingine, na kupanda miche safi. Yalikuwepo yote. Lakini mtu aliyechanganyikiwa na shamba lake angefikaje chini kabisa, wakati katikati ya njia amekutana na chupa inayomwahidi uponyaji?

Angeweza kumwambia kwamba tangazo si lake, kwamba limewekwa na mtambo wa kampuni iliyo mbali. Maneno hayo yalimfikia mdomoni. Akayameza.

"Nisubiri nifunge mlango," alisema. "Twende."

Walipanda bodaboda mbili, wakapita Omurushaka wakaingia Kyerwa, Habumugisha mbele, yeye nyuma. Shamba alilikuta kwenye mteremko mzuri, udongo mweusi, mahali ambapo migomba ingepaswa kufunga kiza. Majani yalikuwa yameinama, ya njano, yamevunjikia shingoni. Alikata ndizi moja, ndani ilikuwa imeoza, na shina lilipokatwa lilitoa ute wa njano. Mke wa Habumugisha, Nikuze, alitoka jikoni akijipangusa mikono kwa kanga yake, akamsalimu kwa adabu, akamletea maji ya kunywa. Adabu hiyo ilimuumiza Sperancia kuliko kama angetukanwa.

"Tulikuamini," Nikuze alisema, "kwa sababu unaandika kama mtu aliyelelewa na mgomba. Sasa niambie, mama. Ile dawa wewe uliijua?"

"Sikuijua. Sikuwahi hata kuiona. Lakini imepita mlangoni kwangu, na mlango ni wangu."

Habumugisha alimtazama kwa mara ya kwanza bila hasira. "Basi sema tufanye nini."

Wakafanya. Siku ile ile Sperancia alijifunga kanga, akaingia shambani pamoja nao, wakaanza kung'oa. Alirudi tena Jumamosi iliyofuata, safari hii na Mama Costansia, ambaye alifika, akalizunguka shamba lote, kisha akamwonyesha Habumugisha mashina ambayo bado yangeweza kuokoka. "Haya yaondoe ua dume leo. Kwa kijiti. Panga liweke mbali." Pale palipong'olewa, walikubaliana papandwe maharage kwanza, ardhi ipumzike na ugonjwa uishiwe nguvu.

Huku nyuma, kwenye blogu, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Sperancia aliiandikia kampuni ya matangazo, akaeleza yaliyotokea. Akajibiwa na mashine kwamba ujumbe wake umepokelewa. Hakungoja. Alichimba kwenye mipangilio ya akaunti yake mpaka akakuta mahali pa kuzuia muuzaji mmoja mmoja na pa kuzuia aina nzima ya bidhaa. Akamzuia mwenye chupa. Akazuia dawa za miujiza zote, na michezo ya kubahatisha, na pombe. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza akawa anapitia yaliyobandikwa, kama mama anavyolipitia shamba kabla ya chai.

Lakini moyo haukutulia. Alikuwa ameuelewa mtambo vizuri mno sasa. Mtambo ulitaka tangazo lifanane na makala. Kama tangazo ni la kweli au la uongo, hiyo haikuwa kazi yake. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeusaidia. Zamani, ukurasa ulipojaa nepi, hakuna mkulima aliyedanganyika. Ni pale alipofanikiwa kulileta tangazo karibu kabisa na maumivu ya mtu ndipo mtu akaumia.

Alimweleza mama hayo wakiwa wanamenya ndizi.

"Basi rudisha nepi," mama alisema.

"Mama!"

"Nakutania. Sikiliza. Mtu akija hapa kuniuliza wapi atapata miche, namtuma kwa nani?"

"Kwa Xaveria, Kihanga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umefika kwake ukaiona."

Mama Costansia akatupa ganda. "Haya. Umejijibu."

Sperancia akaanza upya. Kwenye kurasa zote zinazohusu magonjwa aliuondoa mtambo kabisa. Asiingie mtu asiyejulikana. Mahali pake akaweka matangazo aliyoyaandika mwenyewe, ya watu aliowafikia kwa miguu yake. Wa kwanza alikuwa Xaveria, mwenye kitalu cha miche ya migomba Kihanga. Sperancia alikwenda, akaingia kitaluni, akauliza miche imetoka kwenye mashina gani na nani ameyakagua. Alimtafuta na ofisa kilimo wa kata, wakaitazama pamoja. Baadaye akampata fundi wa chanja za kuanikia kahawa, na kikundi cha akina mama wanaochagua mbegu za maharage. Kila makala akaipa lebo yake, na kila tangazo lebo yake, ili anayesoma habari za mgomba unaougua akutane na miche safi, na anayesoma habari za kahawa mbivu akutane na chanja. Kwenye makala nyingine aliuacha mtambo uendelee, chini ya macho yake.

Na ile sentensi kwamba mnyauko hauna dawa, aliipandisha juu kabisa, herufi nene. Chini yake akaandika yaliyomkuta mkulima mmoja wa Kyerwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na kwamba tangazo lile lilitokea kwenye blogu hiyo hiyo. Alisita kabla ya kubonyeza, akiwaza wasomaji watamkimbia. Hawakukimbia. Waliandika kutoka kila upande. Mmoja alisema naye ana chupa kama ile ndani, hajaifungua, na sasa hataifungua.

Maharage ya Kibingo yalivunwa. Wakati wake ulipofika, Habumugisha alipanda miche ya Xaveria, akitenga panga la shamba hilo lisitoke kwenda kwa jirani wala la jirani lisiingie. Sperancia alipita kila alipopata nafasi. Miche ilishika, ikainuka, ikafunua majani mapana yasiyo na doa. Siku mkungu wa kwanza ulipochungulia, Nikuze alimpigia simu steshenari katikati ya kazi, akampa mumewe aseme.

"Mwandishi," Habumugisha alisema, "mgomba wako umezaa."

"Ni wako, baba."

"Basi ni wetu. Njoo ule."

Walikwenda wote wawili, mama na binti, na Mackrine akaomba asiachwe. Chakula kilikuwa matoke na maharage na mazungumzo mengi. Majirani wa Kibingo walijaa uani, na Habumugisha akasimama kuwatembeza shambani, akieleza kila hatua kwa sauti ya mtu ambaye amelipia elimu yake. Alieleza kijiti chenye panda. Alieleza moto na panga. Mahali fulani alikosea neno, Mama Costansia akafungua mdomo amrekebishe, kisha akaufunga, akamwacha aendelee. Sperancia aliliona hilo, naye akajua kwamba mama yake hajawahi kumpa mtu heshima kubwa kuliko hiyo.

Tangu hapo likaanzishwa jambo lisilo na jina rasmi. Mtu yeyote akitaka bidhaa yake itangazwe kwenye Kibanja cha Mama, sharti aipeleke kwanza Kibingo, kwa Habumugisha na wenzake, waijaribu shambani. Sperancia ndiye aliyeomba, na Habumugisha alikubali kabla hajamaliza kuomba.

Mwezi uliopita alikuja Kibingo Cleophace, kijana mchangamfu anayeuza pampu za kumwagilia za kukanyaga kwa miguu. Aliifungua pampu yake uani kwa madaha, akaanza maneno yake ya sokoni. Habumugisha akamkatiza kwa upole, akamwomba ashuke nayo bondeni kwenye maji, aikanyage mwenyewe, maji yapande mpaka kwenye mibuni. Cleophace akashuka. Akakanyaga. Maji yalipanda mpaka nusu ya mteremko, vizuri kabisa, kisha yakalegea. Wakulima wakaipima, wakaikanyaga kwa zamu, Nikuze akaikanyaga kuliko wote. Wakakubaliana kwamba ni pampu nzuri, chuma chake ni kizuri, ila kwa shamba lililo jirani na maji.

Sperancia alikaa kwenye jiwe, akaandika tangazo pale pale kwenye simu, akawasomea kama anavyowasomea wateja wake wote. "Pampu ya kukanyaga, imara, inafaa bustani na mibuni iliyo karibu na mto au kisima. Kama shamba lako liko juu ya mlima na maji yako yako mbali, usiinunue hii."

Cleophace alikodoa macho. "Dada Sperancia, samahani. Tangazo gani linamwambia mtu asinunue?"

Sperancia akafungua kinywa amweleze, lakini Habumugisha alishamtangulia, ameshika kiuno, maji yakimchuruzika magotini.

"La kwetu," alisema.

Wakulima wakaitikia kwa kicheko. Sperancia akabonyeza, tangazo likaenda.